Ua la majabali ya bahari, hapa Kigoma?

Dada, umeuliza kama ua uliloliona pichani, lile la waridi kwenye majabali ya Uskoti, linaweza kuota hapa kwetu. Jina lake la kisayansi ni Armeria maritima. Haliihitaji chumvi, linaivumilia tu: majani yake yana vitezi vinavyoitoa nje. Kwa hiyo maji ya Ziwa Tanganyika, yasiyo ya chumvi, si tatizo. Tatizo ni joto letu, maana lile limezoea pwani za baridi, na masika udongo ukituamisha maji mizizi inaoza. Ukipata mbegu, jaribu kwenye chungu chenye mchanga na kokoto. Chumvi usiweke, hata kama Uvinza kwenye machimbo ya chumvi ni jirani! Waingereza walilichora kwenye sarafu ya peni tatu, 1937 hadi 1952. Mzee wangu Ujiji bado anayo moja.