Samaki wa dhahabu wanahema juu ya maji

Habari mkuu. Umesema samaki wako wa dhahabu wanapanda juu kila mchana wakihema, na maji umebadilisha juzi tu. Kabla ya kununua dawa, tumbukiza kipimajoto saa nane mchana. Hawa ni wa maji baridi, nyuzi 18 hadi 22 hivi. Tangi langu hapa Tabata, Dar es Salaam, Februari, lilisoma 31! Maji ya moto hayabebi oksijeni ya kutosha. Nilitoa kifuniko, nikaelekeza feni ndogo juu ya maji, pampu ya hewa ikawaka usiku na mchana. Zikashuka nyuzi 3. Barafu usitupie, joto likishuka ghafla linawaumiza. Halafu, hayo maji ya bomba uliyaondoa klorini kabla ya kumimina? Nayo klorini inachoma matamvua, yale wanayopumulia.