Kwa anayeanza kubuni gemu: anza na benchi, picha zitafuata

Kila msimu wa likizo vijana hunitumia mawazo yao ya gemu wakitaka niwaambie waanzie wapi. Karibu yote yanaanza na picha: shujaa mwenye mkuki, Kilwa ya kale imesimama upya na misikiti yake, joka linatoka baharini. Picha sina ugomvi nazo. Ila nikiuliza mchezaji atakuwa amekaa wapi, ameshika nini mkononi, ana dakika ngapi na analipa vipi, simu inakaa kimya siku mbili. Sehemu kubwa ya ninachojua kuhusu kazi hii inatokana na maswali hayo manne, kwa hiyo mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Asiye na haraka aende kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwake, lakini asishike pedi. Akae benchi la nyuma na soda yake, aangalie. Ataona runinga mbili tatu, PlayStation iliyochoka, pedi zilizozungushiwa selotepu, na mpira wa miguu kwenye kila kioo. Mechi zimewekwa dakika chache kila kipindi, kwa sababu mwenye kibanda anauza mechi na foleni ipo. Anayefungwa anapisha. Umeme ukikatika katikati kuna sheria ya hapo, na kila kibanda kina yake: kwingine mechi inarudiwa, kwingine matokeo yanabaki, na ugomvi wa kama ilikuwa dakika ya themanini au ya sitini unaamuliwa na benchi. Goli likiingia, mfungaji anaacha marudio yaende mpaka mwisho ili mwenzake aumie vizuri. Aliyefungwa anabonyeza vitufe vyote ili yapite. Na asiye na hela anacheza kwa mdomo: anatangaza mechi, anamwambia aliyeshika pedi apige krosi, anacheka kabla ya wote.

Sasa jiulize kwa nini ni mpira unaotawala pale na si zile gemu nyingine nyingi nzuri. Jibu moja ni kwamba tunapenda mpira, sawa. Jibu linalomfaa mbunifu ni kwamba mpira unasomeka kutoka benchi la nyuma. Anayeingia mlangoni anajua ndani ya sekunde moja nani anaongoza na muda uliobaki. Gemu za kupigana zinafanya hivyo hivyo: tangu Street Fighter II ya mwaka 1991 na Tekken ya 1994, “damu” za wapiganaji wawili, yaani mistari ya uhai wao, zimechorwa juu ya kioo, moja kushoto, nyingine kulia, na ya anayepigwa inapungua mbele ya macho ya kila mtu. Gemu zile zilizaliwa kwenye kumbi za mashine za sarafu, ambako anayetazama leo ndiye anayelipa dakika tano baadaye.

Namna ya kulipa inaumba gemu kuliko wengi wanavyodhani. Chukua Space Invaders, iliyobuniwa Japani na Tomohiro Nishikado mwaka 1978. Wavamizi wanashuka polepole, na kadiri unavyowaua waliobaki wanakwenda kasi zaidi. Mwanzo wa jambo hilo ni udhaifu wa mashine: ilikuwa inahangaika kuwachora wote, wakipungua inapata nafuu. Nishikado akaona kwamba kasi hiyo inampandisha mchezaji presha, akaiacha ibaki. Mwenye ukumbi naye akafurahi, kwa sababu mchezaji anayekufa mapema anatoa sarafu nyingine. Ukitengeneza gemu ya kununuliwa mara moja na kuchezwa nyumbani, ugumu wa namna hiyo ni dhuluma. Ukiwa na foleni nyuma ya mchezaji, ni haki kwa wanaosubiri.

Baada ya kibanda, angalia simu. Hapa ndipo utakapofanyia kazi kwa miaka mingi, na hapa ndipo wanaoanza wanapojidanganya zaidi, kwa sababu wanabuni kwa ajili ya simu wanayoitamani. Mchezaji wako ana itel au Tecno ya bei ya chini, nafasi imejaa picha za WhatsApp za harusi ya shangazi, na bando la siku linakwisha saa kumi jioni. Gemu ya MB 400 hataipakua. Akiipakua, ataifuta siku anayohitaji kupiga picha. Weka lengo la MB 40, na ifanye kazi bila intaneti kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya ubunifu kutoka nje havitakuambia: simu ni ya mama. Mtoto anapewa nusu saa akimaliza kazi, dada yake anapewa nusu saa nyingine, na katikati baba mdogo anapiga, gemu inafungwa bila kuaga. Kwa hiyo gemu ijihifadhi yenyewe kila baada ya hatua ndogo, isisubiri mtu abonyeze kitufe cha kuhifadhi. Iruhusu majina mawili au matatu kwenye simu moja bila kudai barua pepe, la sivyo mdogo atafuta safari nzima ya mkubwa wake na nyumba haitakalika. Na isipige kelele inapofunguka, maana mama yuko ibadani au kwenye daladala.

Wapo walioshinda kwa kufikiri hivi. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, mashine ya gemu ya kushika mkononi, kazi ya Gunpei Yokoi na wenzake, yenye kioo kisicho na rangi wala mwanga. Washindani walikuja na rangi: Atari Lynx mwaka huohuo, Game Gear ya Sega mwaka uliofuata. Dukani, ukiziweka pamoja, Game Boy ilionekana kama ya zamani. Lakini ilikula betri nne na kudumu zaidi ya saa kumi, wakati Game Gear ilimaliza betri sita kwa saa chache tu. Iliuzwa rahisi, ikaingia mfukoni, na kwenye nchi nyingi iliuzwa pamoja na Tetris, gemu ambayo Alexey Pajitnov aliianza Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta isiyoweza hata kuchora picha. Vipande vyake vya kwanza vilikuwa alama za mabano kwenye kioo. Sijui mfano bora wa kumpa kijana anayesema hawezi kuanza mpaka apate mchoraji.

Nyoka wa Nokia ni mwingine. Taneli Armanto alimwandika kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, akampa kioo chenye vidoti vichache na vitufe vya namba. Unamcheza kwa kidole gumba kimoja ukiwa kwenye foleni ya benki, ukiitwa dirishani hujapoteza kitu cha maana.

Nataka nikae kidogo kwenye bao, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuhusu kioo kuliko gemu yoyote ya kigeni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji anaanza na sita kwenye nyumba, lile shimo lake maalumu, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na ishirini na mbili mkononi. Ukilisoma kwa macho ya mbunifu utashangaa. Wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza, kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, kwa hiyo mchezo una saa yake ndani: kila mtu barazani anaona akiba inavyopungua na anajua mtaji, hatua ya pili ya kucheza na kete za ubaoni tu, unakaribia. Hakuna anayehitaji kuandika pointi.

Wengi wanaotaka kulileta kwenye simu wanahangaika na sheria, ambazo ni ngumu kweli, hasa za nyumba. Sheria utazimaliza. Kitakachokusumbua ni mkono. Niliwahi kumpa simu yenye bao mzee mmoja wa baraza, mchezaji hatari. Akagusa shimo, kete zikazunguka kasi, zikalala. Akainua uso.

“Mwanangu, zimelala wapi?”

Tukarudia. Akauliza tena vilevile. Mzee huyu akiwa na bao la mti anajua mahali kete ya mwisho itakapolala kabla hajazichota, maana mkono wake unahesabu huku unasambaza. Kioo kilimnyima mkono. Tulipozipunguza kasi kete zote, vijana wakalalamika kwamba inachosha, na walikuwa na haki: mzunguko mmoja mrefu unaweza kupita upande wako wote zaidi ya mara moja.

Kilichofanya kazi ni mchanganyiko mdogo wa vitu. Mzunguko wa kwanza uende polepole kama mkono wa mtu, inayofuata iongeze kasi. Kila kete itoe mlio wake mfupi inapogusa mti, ili sikio lihesabu pale jicho linaposhindwa. Kete ya mwisho iwe na mlio mzito kuliko nyingine, na shimo ilipolala libaki na alama mpaka mpinzani aguse lake. Mzee hakusifu kitu. Aliacha tu kuuliza, kisha akaanza kunitania kwamba kompyuta yangu inacheza kama mtoto.

Hapo pia kuna namna ya kujaribisha gemu. Usimuulize mtu kama ameipenda. Watu wetu wana adabu, watakuambia ni nzuri sana, hongera, na hawataigusa tena. Mpe simu, ufunge mdomo, uangalie kidole chake kinaenda wapi kwanza. Akisita, andika alisita wapi. Usimwelekeze, hata akikwama mpaka ukaona aibu. Dalili nzuri ziko mbili tu ninazoziamini: anaomba mzunguko mwingine bila kuulizwa, au anamwita mwenzake aje aone.

Kuhusu zana sitasema mengi, maana mabishano ya injini gani, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni bora yanamaliza muda ambao ungetengenezea gemu. Godot ni ya bure kabisa, ilianzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 iko wazi kwa yeyote. Inakwenda hata kwenye kompyuta dhaifu. Unity nayo inafaa, ingawa Septemba 2023 walitangaza ada ya kila gemu inapopakuliwa, wakapigiwa kelele dunia nzima, na mwaka mmoja baadaye wakaifuta. Chagua moja, maliza nayo gemu tatu za kioo kimoja, kisha ndipo uwe na maoni.

Kuweka gemu Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Lakini akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza iwe na wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Watafute mapema. Binamu watakubali na kusahau kesho yake. Mwenye kibanda akikuunganisha na wateja wake utapata watu wanaocheza kweli. Wape bando.

Pesa sasa. Matangazo yanalipa kidogo mpaka uwe na wachezaji wengi sana, na wengi hawana kadi ya benki, kwa hiyo chochote unachouza kipitie pesa za simu na kiwe cha bei ya soda. Kampuni za kubeti zitakuja na malipo mazuri kwa kazi ya mwezi mmoja. Mimi sizichukui, kwa sababu nimeona nani anakaa mbele ya zile mashine. Wewe una kodi yako ya nyumba na utaamua.

Kazi za kawaida zitatoka kwa mashirika yanayotaka gemu ya kufundisha: kunawa mikono, kuweka akiba, usalama barabarani. Zichukue, zinalipa na zinakufundisha kumaliza kwa tarehe. Tatizo lake ni kwamba mteja atataka ujumbe uandikwe kila baada ya hatua mbili, na watoto watajifunza kubonyeza “endelea” haraka. Kwenye mkataba, andika kwamba wiki ya pili utajaribisha na watoto gemu isiyo na maandishi yoyote, na mteja awepo chumbani. Akiona wanagombania simu, atapunguza maneno mwenyewe. Wasipogombania, mna wiki zilizobaki za kubadilisha mchezo wenyewe. Na malipo ya awali yaingie kabla hujachora hata kitufe kimoja.