Barua iliyolala kwenye droo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kama uchukue nafasi ya uzamili wa kemia uliyoipata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka huu, au uiache kwanza, ubaki maabara ya maji miaka miwili mitatu, ukomae kazini na kuweka akiba. Mama yako alikujibu kwa neno moja, unamjua. Mimi nimeshindwa, ndiyo maana naandika.

Kabla ya kwenda au kubaki, nataka kujua jambo jingine: barua yako iko mikononi mwa nani?

Ninyi mnamaliza kidato cha sita, mnaomba chuo kwa alama zenu. Sisi ni watoto wa Azimio la Musoma. Novemba 1974 TANU, chama tawala wakati ule, iliamua kwamba hakuna kutoka shule moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Unapita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, unafanya kazi isiyopungua miaka miwili, halafu mwajiri na tawi la chama waandike kwamba unafaa. Bila karatasi hizo, alama zako ni za kutazama tu.

Habari za kiwandani, barabara ya Pugu, mmezisikia tangu mkiwa wadogo. Hii ya barua nimekuwa nikiipita haraka. Tawi lilinipitisha bila tabu. Aliyenikwamisha ni mtu mmoja, ofisa utumishi. Kila nikienda: "Kijana, barua yako inashughulikiwa." Alisema kwa upole, na kiti ananipa. Msimu wa maombi ukapita. Wenzangu wakapanda Mlimani, nikawa nakutana nao kituo cha basi wamekumbatia makabrasha, wananiuliza, "Vipi, wewe lini?" Siku moja tarishi, mzee mmoja wa Kizaramo, akanivuta pembeni. Barua ilikwisha pigwa chapa zamani, imo kwenye droo, inangoja muhuri. Na muhuri wenyewe ulikuwa juu ya meza ile ile niliyokuwa nakaribishwa kiti mbele yake.

Sijajua mpaka leo nilimkosea nini. Alipohamishwa, aliyekuja badala yake aligonga muhuri asubuhi moja, hata usoni hakuniangalia. Nimezeeka, na bado linanichoma.

Lakini upande wa pili, wa kuanza na kazi, nao una haki yake. Nilipofika Mlimani, katika semina ya DS, yaani somo la maendeleo, mwalimu alikuwa akieleza kwa nini viwanda vyetu havifikii malengo. Tatizo, alisema, ni nidhamu ya wafanyakazi. Nikanyoosha mkono. Nikamweleza shifti ya usiku ilivyo: mashine imesimama kwa kukosa kipuri, watu wanafuta sakafu wakimngoja fundi ambaye naye anangoja stoo ifunguliwe, na asubuhi daftari linaandikwa "uzembe". Dada mmoja aliyetoka mashamba ya mkonge Korogwe akadakia na ya kwao. Mwalimu akaweka karatasi zake chini, akavuta kiti, akaanza kuandika tunayosema. Mwanangu, mwalimu wa chuo kikuu anaandika maneno yangu! Nilikatiza Revolution Square jioni ile natembea kama mtu aliyetunukiwa shahada.

Ndipo nilipolipata lile neno ninalowaambia siku zote: swali kwanza, shahada baadaye.

Mtazame Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado ya moto, akihofia nafasi itakwisha. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Tanga mjini alikuta rafiki yake muuza aiskrimu analijua jambo hilo kwa kazi yake. Akaenda nalo mpaka Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Mlimani aliyekuja kuzungumza nao. Wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi Dar es Salaam akalijaribu maabara, na mwaka 1969 wakachapisha wote wawili. Wanafizikia wanabishana mpaka leo, na jambo lenyewe wanaliita kwa jina la Mpemba.

Na wewe swali unalo. Kwamba kisima kikivutwa sana karibu na pwani maji ya bahari yanaingia chini kwa chini, kila mtu wa maji anajua. Wewe umeona visima viwili jirani, Mbagala, kimoja chumvi inapanda, kingine haigusi. Hilo halikutoka darasani. Swali kwanza.

Basi ubaki kazini, daftari linenepe? Magufuli alipata shahada ya kwanza Mlimani 1988, akawa mkemia wa ushirika wa Nyanza, Mwanza, akapata uzamili 1994, na udaktari 2009 akiwa waziri, kwa utafiti wa mafuta ya ganda la korosho na kutu. Kazi haikumzuia. Lakini nawakumbuka pia wenzangu wa kiwandani, wengine wana alama kunizidi, waliosema "mwakani" mpaka wakastaafu. Na mimi je, nimshukuru yule bwana kwa kuwa shifti ya usiku ilinipa la kusema? Sikubali. Muda uliotakiwa na Azimio ulinifunza. Uliozidi hapo aliuchukua yeye, na haukuwa wake.

Ulimi unaniwasha niseme neno moja kama mama yako. Sisemi. Wewe ndiye utakayelala na vitabu au na mshahara, si mimi. Ila nafasi ya Mlimani umeipata kwa maandishi, na ruhusa ya "baadaye" bosi wako amekupa kwa mdomo, tena mkiwa mnakunywa chai. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ulizia pia kama chuo kinaweza kukuahirishia nafasi, nalo ulijibiwe kwa karatasi.

Barua ya kuomba ruhusa ya masomo iandike wiki hii, uende usiende. Toa nakala mbili, ipeleke masjala mwenyewe, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa ukiwa umesimama hapo hapo. Wakikwambia uiache uje kesho, waambie utasubiri.

Baba yako,
Kimara