Maziwa Hayatoi Risasi

*Mfamasia mstaafu wa Magomeni anajibu barua za wasomaji*

Shikamoo Bibi. Naishi Mbagala. Mume wangu na mdogo wake wananunua betri mbovu za magari, wanazivunja nyuma ya nyumba, wanayeyusha madini ya risasi yaliyomo kwenye karai na kumimina chubwi za nyavu za kuwauzia wavuvi wa Feri. Mwanangu wa miaka minne alikuwa anaongea vizuri. Sasa amezubaa, tumbo linamkata, choo kigumu, kula hataki. Kituo cha afya wametupa dawa ya minyoo mara mbili. Mume wangu anasema wao kila jioni wanakunywa maziwa, kwa hiyo sumu inatoka. Ni kweli?
*Mama wa Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Mtoto asingoje dawa ya tatu ya minyoo. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa kesho asubuhi, na ukifika kwa daktari usiishie kusema tumbo linamuuma. Sema hivi: "Nyumbani kwetu wanayeyusha betri." Usipomwambia, yeye hana namna ya kuotea. Mwombe apime wingi wa damu, na wingi wa risasi kwenye damu iliyotolewa mshipani. Kama kipimo cha risasi hakipo hapo, omba sampuli ipelekwe penye maabara inayokifanya. Akipata degedege, akitapika mfululizo au akilala usingizi usioamshika, usisubiri kupambazuke.

Sasa nikueleze kinachotokea. Risasi haivunji mlango wa mwili. Inabisha hodi kwa sauti ya ndugu, na ndugu huyo ni kalsiamu. Utumbo wa mtoto una njaa ya kalsiamu kwa sababu mifupa inakua, hivyo unaipokea risasi kwa mikono miwili. Kwa kiasi kile kile kilichomezwa, mtoto mdogo hunyonya mara nne hadi tano ya mtu mzima. Ikishaingia inakaa kwenye viti vya kalsiamu. Ndani ya ubongo, kalsiamu ndiyo inayoamuru seli moja itume ujumbe kwa nyingine. Risasi ikiketi pale, ujumbe unatumwa bila kuitwa, au hautumwi kabisa. Na huu ni ule umri ambao ubongo unajifunga nyuzi zake zenyewe, neno kwa neno, mchezo kwa mchezo. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa anaongea anarudi nyuma. Kwenye uboho nako risasi inazuia utengenezaji wa damu, kwa hiyo anapauka. Kinachobaki mwilini kinajificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na kwa mama mjamzito kinaweza kutoka huko na kumfikia mtoto tumboni. Wewe pia upimwe.

Ninasikia mtu akisema: haya, ndugu huyo si ni kalsiamu, na maziwa si yana kalsiamu? Ndiyo, na ndiyo maana imani hii ina chembe ya ukweli. Mtoto anayepata kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hunyonya risasi kidogo zaidi. Kwa hiyo mpe maziwa, mpe dagaa, maharage na mchicha. Lakini maziwa hayaingii kwenye mfupa kumtoa aliyekwisha keti. Mji huu tumeyageuza maziwa kuwa dawa ya kila kitu: fundi rangi anakunywa, mchomeleaji anakunywa, dereva wa roli la saruji anakunywa, halafu kesho anaingia kazini bila barakoa kwa sababu ameshajiosha. Nimesimama kaunta miaka thelathini na moja, na sijaona kitu kingine cha bei nafuu kilichowapa watu ujasiri mkubwa namna hiyo.

Simcheki mumeo. Mimi nimezaliwa Kigamboni, baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi, na chubwi tulizimimina sisi watoto, kwenye mashimo tuliyoyachimba kwa kidole mchangani. Zile ndogo tulizibana kwa meno kwenye uzi. Mama alikuwa akilikwangua karai lile lile na kukaangia samaki. Baba alikufa kwa moyo, na alikuwa mvutaji mkubwa, kwa hiyo sitasimama hapa niseme ni risasi. Nasema tu kwamba hakuna aliyetuambia.

Walioambiwa kwa njia mbaya ni watu wa Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, Senegali. Pale watu walivunja betri kwa miaka, na udongo wenyewe ukawa mali: akina mama wakauchekecha majumbani kupata punje za risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa kwa ugonjwa wa ubongo uliokwenda kasi, na mwanzoni chanzo hakikujulikana. Unaona jinsi inavyofanana na minyoo ya mwanao.

Kipimo kikirudi, daktari ataangalia namba. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa salama. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kwa mtoto, kuanzia 45, hupewa dawa ya kuikamata risasi na kuitoa kwa mkojo. Lakini dawa hiyo ni kazi bure kama mtoto anarudi kwenye ua ule ule. Kwa hiyo kuyeyusha kukome hapo nyumbani, leo, si mwisho wa mwezi. Usifagie ua kwa chelewa kikavu, vumbi litapanda. Mwagia maji kwanza, na ndani piga deki. Mchukue mtoto akakae kwa bibi yake mpaka udongo wa juu uondolewe na kuzikwa mbali na kisima. Mumeo akitoka kazini aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtu, na hizo nguo zisifuliwe na za mtoto. Karai lile lisirudi jikoni kamwe. Kuhusu riziki, wapo wavuvi wanaofunga vipande vya nondo badala ya chubwi. Mwambie akawaulize.

Bibi, nilinunua krimu ya kung'arisha uso Kariakoo, kopo halina maandishi ninayoyaelewa. Uso umetakata kweli. Sasa mwezi wa tatu, asubuhi miguu na macho vinavimba, mkojo una povu kama la sabuni. Kuna uhusiano?
*Binti wa Kinondoni*

Upo uwezekano mkubwa, na povu ndilo linalonitisha. Povu lisiloisha ni dalili ya protini inayovuja kutoka kwenye figo. Nenda ukapime mkojo na damu wiki hii, na kopo lako ulifunge kwenye mfuko wa plastiki uende nalo.

Mkorogo mwingi una zebaki. Zebaki inakizuia kimeng'enya kinachotengeneza weusi wa ngozi, na hapo ndipo uso "unatakata". Lakini ngozi inainyonya, damu inaibeba, na figo, kwa kuwa ndizo zinazochuja, zinabaki nayo. Baadaye mtu huanza kukosa usingizi, kutetemeka vidole, kusahau, kukasirika bila sababu. Wenzako nyumbani wanaipata kupitia taulo na mito, hasa ukiwa na mtoto mchanga.

Jina la mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, wa mwaka 2013, limetoka Minamata, mji wa Japani ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Kule zebaki iliyotoka kiwandani iliwafikia watu kupitia samaki, ikala ubongo wa walioila na wa watoto waliokuwa bado tumboni. Yako ni ya aina nyingine na inapita njia nyingine, na kwa aina hii figo ndizo hutangulia kuumia. Habari njema ni kwamba wengi wakiacha mapema figo hutulia. Acha leo. Uso utarudi mweusi, na wewe utakuwepo wa kuuona.

Mzee mwenzangu, mwanangu ana miaka 24 na anatumia unga. Akiukosa anapata arosto, anatetemeka, anatapika, anaiba. Tulimfungia ndani wiki mbili, akatoka akarudia, na siku ile ile akazima, wenzake wakammiminia maziwa mdomoni. Je, ubongo wake umeshakufa?
*Baba, Temeke*

Pole sana, ndugu yangu. Haujafa. Ila maziwa yale yalikuwa karibu kumuua mara ya pili, maana mtu aliyezima hamezi, yanaingia kwenye mapafu.

Ubongo una dawa zake za kutuliza maumivu, unazitengeneza wenyewe. Heroini, yaani huo unga, ikifika kichwani hugeuka mofini na kukaa kwenye viti vya dawa hizo, kwa nguvu kubwa zaidi. Ubongo ukizoea, hautulii tena bila mgeni, na hiyo ndiyo arosto. Kijana wako haigizi. Kinachoua ni pumzi: sehemu ya ubongo inayoamuru kupumua inasinzia, na ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Sindano za kuchangia nazo zina yake: virusi vya UKIMWI, homa ya ini, na uchafu unaokwenda kuota kwenye vali za moyo.

Sasa sikiliza hili kuliko yote. Baada ya wiki mbili za kufungiwa, mwili unasahau mazoea. Kete ile ile aliyoizoea inamzima. Kwa hiyo kumfungia bila dawa na kisha kumwachia ni hatari, na wanaotoka rumande wako katika hatari hiyo hiyo. Akizima tena, midomo ya bluu, mboni za macho kama tundu la sindano, anakoroma ajabu: mlaze ubavu, fungua njia ya hewa, mkimbize hospitali, na uwaambie ni unga, kwani ipo dawa iitwayo naloksoni ya kumwondoa mgeni kitini.

Kisha mpeleke kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga. Ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, na sasa zipo Mwananyamala na hapo hapo Temeke kwenu. Anakunywa kila siku mbele ya nesi, arosto inatulia, anapata akili ya kutafuta kazi. Watu watakuambia umebadilisha teja wa unga kuwa teja wa serikali. Waache. Nimewaona wengine wakiendesha bodaboda, na mmoja ananiletea samaki kila Ijumaa, wala chenji haibi.

Bibi, nina mimba ya miezi mitano na siwezi kulala bila kula udongo wa pemba, vijiti viwili kwa siku. Kuna ubaya?
*Buguruni*

Upo. Watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito Geita walikuta arseniki na risasi ndani yake. Hamu yenyewe mara nyingi ni mwili kulalamika damu imepungua, kwa hiyo pima damu na umeze vidonge vya kuongeza damu kliniki wanavyokupa bure, vile unavyoviweka kabatini. Ukienda, chukua kijiti kimoja umwonyeshe nesi. Wengi hawaulizi, na ninyi hamsemi.