Mshipa usio wa kawaida kwenye neva ya jicho: ushauri kwa wanaoanza kazi katika kliniki za macho

Ninyi mnaoanza kazi katika kliniki za macho za Mwanza na visiwani mtapima wagonjwa wengi wa kisukari na wa selimundu, na mazoea hayo yatawavuta kuuita ugonjwa kila mshipa wa ajabu mtakaouona kwenye kichwa cha neva ya jicho, yaani pale neva inapoungana na jicho kwa nyuma. Msiharakishe. Mishipa mingine mtu huzaliwa nayo, na kumwambia mvuvi wa Ukerewe kwamba anahitaji leza ilhali haihitaji ni kumpotezea nauli, siku za kazi na usingizi.

Ufuateni mshipa tangu unapochomoza hadi unapoishia. Kitanzi cha kuzaliwa nacho, yaani mshipa uliojikunja, hutoka kwenye kichwa cha neva, hujitokeza kuelekea kwenye ute mzito unaojaza jicho, hujisokota, kisha hurudi na kuendelea kulisha sehemu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Vingi ni vya ateri, na baadhi vimefunikwa na ala nyeupe. Mishipa mipya ya kisukari ni myembamba, hufumana ovyo, tena huvuja katika picha ya fluoresini, rangi inayodungwa mshipani ili mishipa ya jicho ionekane, jambo ambalo kitanzi hakilifanyi. Ile ya selimundu kwa kawaida huota pembezoni mwa retina, mbali na neva.

Kuna pia ateri ndogo inayochomoza ukingoni mwa neva upande wa sikio na kupinda kama ndoana kuelekea makula, sehemu ya retina inayoona katikati. Hiyo si kasoro hata kidogo: ateri kuu ya retina ikiziba, hii ndogo huweza kuokoa uoni wa katikati.

Hata hivyo, kitanzi nacho huweza kuziba au kuvuja damu ndani ya ute, ingawa ni mara chache. Kichoreni kwenye faili, mwandike ni jicho lipi, na mumweleze mgonjwa kwamba akiona giza la ghafla au madoa yanayoelea aje siku hiyohiyo.

Kwa watoto nawasihi muwe waangalifu zaidi. Ateri ya hayaloidi, inayolisha lenzi tumboni mwa mama, kwa kawaida hutoweka kabla ya kuzaliwa, na masalia yake madogo ni ya kawaida kwa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati. Lakini mboni ikionekana nyeupe, msimtulize mzazi kwamba ni masalia tu. Huenda ni saratani ya retina, na mtoto apelekwe hospitali ya rufaa ya Bugando bila kungoja tarehe nyingine ya kliniki.