Uliza Tukujibu: Mnadhimu Mkuu anafanya nini hasa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kila kukiwa na uteuzi jeshini nasikia CDF (Mkuu wa Majeshi) halafu Mnadhimu Mkuu. Huyu wa pili ni naibu tu au ana kazi yake? Na mbona 2022 hakupanda yeye? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Salama ndugu yetu. Kwa JWTZ, yaani jeshi letu la Tanzania, huyo ndo wa pili kutoka juu, cheo chake Luteni Jenerali, na Mkuu wa Majeshi asipokuwepo yeye anashika usukani. Ila ukimwita naibu tu unampunja. Makao makuu yanaendeshwa na yeye, yaani utumishi wa askari, operesheni na mafunzo, ugavi na usafirishaji, utambuzi wa adui, mipango ya miaka ijayo, vyote vina wakuu wao na vyote lazima mtu avishone viwe kitu kimoja. CDF akisema nataka brigedi iwe mpakani baada ya siku kumi, wanadhimu, yaani maofisa wa kupanga mipango pale makao makuu, ndo wanakesha kujua malori mangapi, dizeli inajazwa wapi, majeruhi wanapelekwa hospitali ipi na kambi iliyobaki tupu inalindwa na nani. Wakimaliza wanamwekea bosi mezani njia mbili tatu achague. Akichagua ndo inakuwa amri, na amri inatoka kwa jina lake yeye, sio la mnadhimu aliyekesha. Hapo ndo wengi wanachanganya.

Kuhusu kupanda, haiko hivyo kwamba wa pili lazima awe wa kwanza. Mabeyo kweli alitoka Unadhimu Mkuu akawa CDF 2017, lakini Juni 2022 Rais Samia alimchukua Jacob Mkunda akiwa Meja Jenerali, akampandisha kuwa Jenerali na kumpa jeshi, na Unadhimu Mkuu ukaenda kwa Salum Haji Othman. Katiba ibara ya 148 inampa Amiri Jeshi Mkuu, yaani Rais, mamlaka ya kuteua viongozi wa majeshi, foleni haipo.

SWALI: Baba yangu alipigana vita vya Kagera, anasema vita wanashinda wapiganaji sio maofisa wa makaratasi. Ana haki? (Msomaji, Songea)

JIBU: Kwanza mfikishie mzee shikamoo yetu. Haki anayo, ila mwulize kwanza alifikaje huko. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera na muda mfupi baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa, huku sehemu kubwa ya jeshi letu ikiwa mbali kabisa na mpaka ule. Mwalimu akatangaza vita tarehe 2 Novemba, na kuanzia hapo malori na mabasi ya raia yakaanza kukusanywa kusomba askari kuvuka nchi nzima, na mvua za vuli ndo hizo. Jeshi lililokuwa halifiki watu 40,000 likavuka 100,000 ukijumlisha na mgambo walioitwa, sasa kila mmoja anataka bunduki, buti na chakula, na hao wa mgambo wengine walikuwa wakulima tu hadi juzi yake! Pale Kyaka ikabidi litandikwe daraja la vyuma la kijeshi ndo vikosi vivuke. Hakuna hata kimoja hapo kinachojipanga chenyewe. Twalipo ndo alikuwa CDF, Musuguri akaja kuongoza Divisheni ya 20 huko mbele, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Majina yao tunayajua. Aliyepiga hesabu ya dizeli hatumjui, na hilo kwa kweli linaniudhi kidogo.

SWALI: Na Kenya je? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kenya wana Mkuu wa Majeshi, naibu wake, halafu makamanda watatu wa nchi kavu, anga na majini. Kwao naibu amepanda mara mbili mfululizo, Ogolla 2023 na Kahariri, mtu wa navy, Mei 2024 baada ya Ogolla kufariki kwenye ajali ya helikopta mwezi uliotangulia. Ukitaka kushangaa nenda Marekani: mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yao, pamoja na nyota zake nne zote, haamuru kikosi chochote vitani. Kazi yake ni kumshauri Rais, na amri inatoka kwa Rais kwenda kwa waziri wa ulinzi halafu moja kwa moja kwa makamanda wa kanda.

SWALI: Mdogo wangu katoka Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi, mwaka huu, anataka unadhimu. Aanzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Aanzie kikosini, asiwe na haraka! Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kiko Duluti, Arusha, lakini luteni usu hapelekwi kule, anasubiri miaka mpaka awe ofisa wa ngazi ya kati, na darasani atakaa na maofisa wa nchi nyingine pia. Kunduchi kwenye Chuo cha Taifa cha Ulinzi ni mbele zaidi, kule wanakaa makanali na mabrigedia pamoja na vigogo wa serikalini.