Kwa mdogo wangu anayetaka usista huku mama hataki

Mdogo wangu, pole na hiyo presha ya nyumbani. Una miaka 23, diploma ya uuguzi mkononi, moyo unakuvuta utawani na mama analia kwamba umeshasomeshwa sasa unakimbia maisha. Mwelewe tu, anaogopa kukupoteza.

Ila mwambie ukweli huu, hakuna anayefungwa siku ya kwanza. Unaanza uaspiranti, yaani hatua ya kufahamiana na shirika, unakuja upostulanti wa kujiandaa, halafu unovisi, yaani malezi rasmi ya utawa, ambao sheria ya Kanisa inataka usipungue miezi 12, ndio unaweka nadhiri za muda, na hizo kwa kawaida unakaa nazo si chini ya miaka 3 kabla ya zile za daima. Muda wote huo mlango uko wazi, wewe unaweza kutoka, ila ukishaweka nadhiri za muda unasubiri ziishe au unaomba ruhusa, na wao wanaweza kukuambia huu sio wito wako.

Usikimbilie shirika kwa sababu umependa shela lao. Nenda ukakae nao likizo, iwe kwa masista wa Chipole kule Songea au masista wa Mabinti wa Maria Tabora, uamke nao kwa sala ya masifu ya asubuhi bado usingizi umekujaa, uone wanavyosemeshana jikoni wakiwa wamechoka, hapo ndo utajua.

Na kama una mkopo wa chuo useme mapema, deni usiloweza kulipa linazuia kupokelewa unovisi. Na katika nadhiri zenyewe, mimi nadhani utii ndio mgumu kuliko hata useja, unaweza kuipenda wodi yako ukahamishiwa shamba. Siku ya kwenda kuwatembelea, nenda na mama.